WALIITWA MAJAMBAZI, KUMBE SIYO!

Haya ni maelezo aliyoyatoa mwandishi mmoja wa zamani wa habari za polisi na mahakama alipozungumza na vijana katika mkutano wa ndani wa tawi moja jijini Dar es Salaam. Tumepunguza salamu na makofi, mengine tumeyaacha kama yalivyotoka kinywani mwake. – Mhariri.



Nimeombwa nizungumzie uhalifu na magazeti. Nilipokuwa naingia hapa nimemsikia kijana mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba leo mzee atatupa mikasa ya majambazi. Mikasa ninayo, na ndiyo iliyonilisha kwa miaka mingi. Lakini leo nimekuja na jambo moja tu: namna mtu asiyekuwa na hatia anavyofanywa jambazi kwa wino, na namna sisi waandishi, pamoja na ninyi wasomaji, tunavyoshiriki katika kazi hiyo chafu.

Kwanza nauliza swali. Kijana akikamatwa leo saa tano usiku pale kituo cha daladala, na kesho asubuhi gazeti likatoka na maandishi makubwa "JAMBAZI SUGU ANASWA", ni nani aliyemhukumu? Hakimu hajaamka. Jalada halijafika kwa mwendesha mashtaka. Hakuna shahidi aliyesimama kizimbani. Lakini mama yake akienda sokoni asubuhi hiyo, tayari ni mama wa jambazi! Hukumu hiyo imetolewa na nani kama siyo gazeti?

JANUARI 14, 2006

Wengi wenu mlikuwa wadogo, na wengine hamkuwa mmezaliwa. Siku hiyo, Januari 14, 2006, watu wanne waliuawa kwa risasi na polisi hapa Dar es Salaam. Taarifa ya polisi ikasema hao ni majambazi, wamepora fedha za kampuni moja, wakafuatwa, wakarushiana risasi na askari, wakauawa. Habari ikachapwa. Watu wakaisoma kwenye daladala, na wengi wakafurahi: "Safi sana, wamezidi hao!"

Lazima nieleze hali ilivyokuwa. Ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umepamba moto. Serikali ya Awamu ya Nne ilikuwa haijatimiza hata mwezi, maana Rais Kikwete aliapishwa Desemba 21, 2005. Magazeti yalikuwa yanapiga kelele, na kelele zile zilikuwa za haki kwa sababu watu walikuwa wanaumia. Lakini kelele zikizidi, wakubwa wanataka matokeo ya haraka. Na matokeo ya haraka kuliko yote, ndugu zangu, ni maiti. Maiti haina wakili. Maiti haiombi dhamana. Maiti haisemi "mimi sikuwepo".

Sasa wale wanne walikuwa akina nani? Watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, waliokuwa wamekuja mjini kwa shughuli zao. Wa nne alikuwa dereva wa teksi. Basi! Mtu aliyetoka nyumbani asubuhi kutafuta hesabu ya tajiri na unga wa watoto, kama ambavyo ninyi wa bodaboda mlivyotoka leo.

Ndugu wa marehemu walikataa. Wakasema hawa tunawajua, hawa si majambazi. Rais akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka. Tume ikachunguza, ikakuta kwamba hapakuwa na kurushiana risasi kokote. Watu wale walikamatwa wakiwa hai, Sinza, wakapelekwa katika msitu wa Pande, pembezoni mwa jiji, wakapigwa risasi huko.

Jamani! Kama ndugu zao wangekuwa wanyonge wasiojua pa kupeleka kilio, mpaka leo wale wanne wangekuwa majambazi. Watoto wao wangekuwa watoto wa majambazi. Na ushahidi wetu ungekuwa nini? Gazeti!

Maofisa na askari wa polisi wakafikishwa mahakamani katika kesi ambayo mtaani iliitwa kesi ya Zombe, kwa jina la mshtakiwa wa kwanza, Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam. Agosti 2009 Mahakama Kuu ikawaachia huru washtakiwa wote waliokuwa wamebaki. Upande wa mashtaka ukakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja na kumhukumu adhabu ya kifo. Wengine, pamoja na Zombe, ikasema hawana hatia.

Hapa lazima niwe mkweli, hata kama hamtapenda. Kanuni ninayoihubiri leo inamlinda na askari. Kabla ya hukumu, Zombe alikwishanyongwa mara ngapi vijiweni na kwenye kurasa za magazeti? Mahakama mbili zimesema hana hatia, na sisi tunaodai haki kwa wale wanne hatuwezi kumnyima yeye. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini pigeni hesabu wenyewe. Kuwaita watu wanne majambazi kulichukua siku moja. Kufikia hukumu ya mwisho ya nani aliyewaua kulichukua zaidi ya miaka kumi. Uongo ulipanda ndege, ukweli ulitembea kwa miguu.

MANENO YALEYALE KILA SIKU

Taarifa ya namna hii ina umbo lake, na mimi naweza kuisoma nikiwa usingizini. Polisi walipata habari kutoka kwa raia mwema. Wakaweka mtego. Watuhumiwa wakaamriwa kusimama, wakakaidi, wakaanza kurusha risasi. Polisi wakajibu mapigo. Majambazi wakajeruhiwa, wakafariki njiani wakikimbizwa Muhimbili. Imepatikana bastola moja na risasi kadhaa. Hakuna askari aliyejeruhiwa.

Sisemi kila taarifa ya hivyo ni ya uongo. Majambazi wapo kweli, wameua watu kweli, na wapo askari waliokufa wakitulinda. Ninachosema ni kwamba taarifa ya kweli na taarifa ya uongo zinaandikwa kwa maneno yaleyale, na mwandishi asiyenyanyuka kwenye kiti chake hawezi kuzitenganisha.

Kwa nini hanyanyuki? Hapo ndipo pa kuelewa jinsi mambo yanavyokwenda. Waandishi wengi wa mitaani hawana mshahara, wanalipwa kwa habari iliyotoka. Habari ya polisi inapatikana kwa simu moja. Kwenda Mahenge kuuliza ni nauli, ni siku tatu, na huenda mhariri akaitupa. Halafu kamanda ndiye kisima chako. Ukiandika kinyume na alivyokwambia, kesho simu yako haipokelewi na kwenye mkutano wake huitwi. Mwenzako ataandika, wewe utalala njaa. Kwa hiyo mwandishi hahitaji kupewa bahasha ili aandike upande mmoja. Njaa na uvivu vinatosha.

Na gazeti lenyewe linajua biashara yake. Mwenye duka la magazeti anatandaza asubuhi, ninyi mnasimama mnasoma vichwa vya habari bure. Mkono unaingia mfukoni pale mnapoona damu. Picha ya maiti na bunduki mezani inauza kuliko habari ya bei ya sukari. Tusidanganyane, wateja wa damu ndio sisi.

MZEE ALIYEKUJA NA GAZETI

Sasa niseme na langu, maana si haki kuwanyooshea wengine kidole.

Nilikuwa kijana kama ninyi, nalipwa kwa habari. Jioni moja nikapokea kwa simu taarifa ya watu wawili waliouawa. Nikaandika mistari kumi na miwili. Neno "majambazi" niliambiwa. Neno "sugu" niliongeza mwenyewe, kwa sababu mhariri alikuwa analipenda. Ikatoka ukurasa wa kwanza, nikatembea kifua mbele siku nzima.

Siku ya tatu akaja mzee ofisini, kavaa kanzu yake safi, gazeti kalikunja mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole. Akalifunua gazeti juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye neno lile.

"Mwanangu, hili neno umelitoa wapi?"

Nikamjibu, "Ni taarifa ya polisi, mzee."

"Polisi ndio waliokwambia sugu?"

Nikanyamaza.

"Ulikuwepo?"

"Hapana, mzee."

"Ulikwenda mtaani kwake ukauliza?"

"Hapana, mzee."

Akaniangalia. Akasema, "Mimi sikuja kukwambia kwamba mwanangu alikuwa malaika. Sijui alifanya nini usiku ule. Nimekuja kwa sababu wewe unajua, na mimi baba yake sijui."

Akalikunja gazeti lake, akaondoka. Hakutukana, hakutishia kwenda mahakamani, hakudai tumwombe radhi. Mpaka leo sijui kijana yule alikuwa na hatia au hakuwa nayo. Na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu ningeweza kujua kwa nauli ya daladala tu.

KIBAKA NA MHESHIMIWA

Turudi mwaka uleule wa wale wanne. Wakati magazeti yanawahesabia watu wa Mahenge fedha ambazo hawakuiba, kulikuwa na wizi mwingine unaendelea mjini hapahapa, bila bastola, bila kofia ya kuficha uso. Katika mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu kupitia akaunti ya malipo ya madeni ya nje, EPA, zikalipwa isivyo halali kwa makampuni 22. Hakuna risasi iliyolia. Hakuna raia mwema aliyetoa taarifa usiku ule. Mambo yalianza kutajwa hadharani na upinzani mwaka 2007, na Januari 2008 Gavana wa Benki Kuu akaondolewa.

Sasa sikilizeni lugha. Aliyenyakua simu kituoni gazeti linamwita kibaka, mwizi, jambazi. Wa bilioni anaitwa mtuhumiwa, mhusika, kigogo, mfanyabiashara maarufu. Wa simu picha yake inatolewa akiwa kifua wazi, kapiga magoti, damu inamtoka. Wa bilioni anatolewa akiwa na tai, anashuka kwenye gari, wakili kamshikia mkoba.

Na mwezi Agosti 2008, Rais akiwa bungeni Dodoma, akatoa muda hadi Oktoba 31 kwa waliochukua fedha za EPA wazirudishe. Ni kweli, baadhi ya watu walipelekwa mahakamani Novemba mwaka ule. Lakini nawaomba mlinganishe. Wa bilioni wamepewa miezi ya kufikiri. Wale wanne wa Pande, ambao hawakuiba hata senti, walipewa dakika ngapi?

Msinielewe vibaya. Sitaki kigogo naye avuliwe shati apigwe picha akiwa amepiga magoti. Kumwita mtuhumiwa ni sawasawa kabisa, ndivyo sheria inavyotaka. Katiba yetu, Ibara ya 13, imekataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Ninachotaka ni neno hilo la heshima lishuke chini, lifike Manzese, lifike Tandale, lifike Mbagala. Katiba haikusema "isipokuwa kabwela".

GAZETI LIKIULIZA, LINAFUNGIWA!

Mtasema: mzee, unalaumu magazeti tu, kwani yakiuliza yanaachwa? Swali zuri.

Usiku wa Juni 26, 2012, Dk. Steven Ulimboka, aliyekuwa kiongozi wa mgomo wa madaktari, alitekwa. Asubuhi akakutwa Mabwepande, kapigwa vibaya sana. Gazeti la MwanaHalisi likafuatilia, likaandika, likataja mtu ambaye lilidai anahusika. Julai 30 mwaka uleule Serikali ikalifungia kwa muda usiojulikana, kwa Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Kama gazeti lilikosea, mahakama ya kumshtaki mwandishi kwa kashfa ilikuwepo. Hapana, likafungwa mdomo! Ilibidi lingoje hadi 2015, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba lilifungiwa isivyo halali.

Mimi sijapata kusikia gazeti lililofungiwa kwa kuwaita wale wanne majambazi. Waandishi wanaliona hilo na wanajifunza: kumkosea maiti wa kabwela hakuna adhabu, kumuuliza mkubwa kuna adhabu.

Halafu Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, akauawa akiwa kazini, polisi walipokuwa wakizuia shughuli ya chama cha upinzani. Tukio lile lilikuwa na kitu kimoja ambacho Pande hakikuwepo: picha. Mpiga picha mwenzake alibonyeza kamera, nchi nzima ikamwona Mwangosi amezungukwa na askari, na mmoja ameelekeza kwake bunduki ya mabomu ya machozi. Mwaka 2016 askari mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Wengi waliiona adhabu hiyo ndogo. Lakini bila mtu aliyekuwepo na kamera yake, tungebaki na taarifa. Na taarifa mnaijua sasa inavyoandikwa.

"WANANCHI WENYE HASIRA KALI"

Nimalizie na maneno manne ambayo yamewaua vijana wengi kuliko mnavyodhani: "wananchi wenye hasira kali". Mtu anapigwa mawe, anavalishwa tairi, anachomwa moto. Kesho gazeti linaandika kwamba mwizi ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Mwizi! Kesi ilisikilizwa lini? Na hao wananchi hawana majina? Mbona hasira inatajwa kama ni mvua, imekuja yenyewe, haina wa kushitakiwa?

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiripoti vifo vya namna hiyo kwa mamia katika mwaka mmoja. Wanaokufa ni nani? Si wazee wa kanzu. Ni ninyi. Ni kijana aliyekimbia kuwahi daladala, mtu akapiga kelele "mwizi!" Ni mgeni aliyepotea njia usiku, akagonga mlango usio wake.

Na siku hizi gazeti liko mfukoni mwako. Zamani lawama ilikuwa yangu na mhariri wangu. Leo kijana mwenye simu anapiga picha ya mtu anayepigwa, anaandika chini yake "mwizi kapatikana", anairusha, na kabla ya jua kuzama imefika Mwanza. Naye ameongeza neno "sugu" lake, kama mimi. Tofauti ni kwamba mzee wa kanzu hatajua ofisi yake iko wapi.

MASWALI MATANO

Sikuja kuwaambia msisome habari za uhalifu. Zisomeni. Lakini kila mkisoma kwamba jambazi ameuawa, ulizeni mambo matano.

La kwanza, ni nani amesema? Kama ni mdomo mmoja tu, hiyo ni taarifa, haijawa habari.

La pili, majina yako wapi? Mtu asiye na jina hana ndugu wa kumtetea.

La tatu, risasi zilirushwa na nani? Kama walirushiana kweli, maganda yalikuwa wapi, ukuta gani ulitoboka, askari gani aliguswa?

La nne, mwandishi alifika? Alizungumza na jirani, na mke, na mwenye gesti?

La tano, ambalo ni kubwa kuliko yote: kesho gazeti hilo limerudi kwenye habari hiyo, au limeshasahau na kuhamia kwenye maiti nyingine?

Swali hilo la tano ulizeni hata magazeti ya upande wetu. Tusijifanye watakatifu. Nasi tumeandika "fisadi" mahali pa "mtuhumiwa", tukauza nakala nyingi, tukafurahi. Gazeti linalodai haki lazima lianze kuitoa kwenye ukurasa wake lenyewe.

Na wewe mwenye simu, siku ukisikia "mwizi!" mtaani kwako, usiwe wa kwanza kurusha jiwe wala wa kwanza kuandika neno hilo. Piga picha ya wanaopiga. Hao ndio ambao kesho watakuwa "wananchi" wasio na majina.

Dereva yule wa teksi hakuwa mwanasiasa, hakuwa tajiri, hakuwa na adui. Alipata abiria tu. Kesho abiria anaweza kuwa wako, na simu ya kamanda ikaita kwenye meza ya kijana mwenye njaa, anayesubiri mistari kumi na miwili. Siku hiyo utataka kijana yule afanye nini? Anyanyuke, apande daladala, aje mtaani kwako aulize. Mlazimisheni kuanzia leo, kwa kukataa kununua gazeti ambalo mwandishi wake hakunyanyuka.